Kompyuta Iliyomchafua Kaneza

Sehemu ya Saba

Kila asubuhi, kwenye steshenari ya njia panda, Kaneza alianza kazi kwa kitambaa. Malori ya kwenda Rusumo hayakatiki hapa Lusahunga, na vumbi lake lote hutua juu ya kibodi. Alifuta kibodi, akafuta kioo, akafuta printa. Ndipo akawasha kompyuta na kumgeukia mteja wa kwanza.

Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji. Kitambaa mkononi, macho mlangoni. Maana mteja wa kwanza alikuwa mtu asiyemtarajia kabisa: Mzee Anastazi, katekista kutoka Nemba, baba yake Desderius, mchumba wa Kaneza. Alikuwa ameleta sala za novena zichapishwe.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wazee wa ukoo wa Mzee walikuwa waende Kaniha, nyumbani kwa kina Kaneza, kupeleka posa ya Desderius.

Na kioo kilikuwa kimewaka.

Hazikuwa sala. Alikuwa mwanamke, na nguo yake ilikuwa ndogo kuliko kile kitambaa. Chini yake yalipepesa maandishi mekundu:

WANAWAKE MOJA WA LUSAHUNGA WANAKUTAKA SASA. BONYEZA HAPA.

"Egoko!" Kaneza alipiga kelele kwa lugha ya nyumbani kwao, akatupa kitambaa juu ya kioo. Kitambaa kikateleza, kikaanguka. Mwanamke akabaki.

"Karibu, mpenzi," spika ikasema.

Mzee Anastazi aliyasoma yale maandishi kama anavyosoma Injili, polepole, midomo ikitembea.

"Lusahunga," alisema. "Imeandikwa Lusahunga."

"Samahani, Mzee. Ni tangazo tu, linajitokeza lenyewe."

"Linajitokeza lenyewe! Na jina la hapa limelijuaje?"

Swali hilo lina jibu, na Kaneza alilisoma chuoni Mwanza. Lakini mbele ya mkwe mtarajiwa, na mwanamke yule akitabasamu katikati yao, jibu lilimkimbia.

"Samahani, Mzee," alirudia.

"Madereva wanalala hapa. Watu wanasema mengi juu ya wasichana wa njia panda hii. Nilikuwa siwasikilizi." Mzee alivaa kofia yake. "Mwambie baba yako Jumamosi asitusubiri."

Akatoka bila novena yake.

Chai ilikuwa haijachemka Desderius alipopiga simu kutoka Rusumo mpakani, anakofanya kazi kwa wakala wa forodha.

"Kaneza, baba anasema kompyuta yako inaita madereva."

"Na wewe, Desi? Unasemaje?"

"Mimi nimeuliza tu."

"Umeuliza kwa sauti ya mtu aliyeamini."

Nyuma ya Desderius lori lilipiga honi.

"Sikiliza," alisema. "Baba ni mtu wa kuona kwa macho. Kesho atapita tena hapo kuchukua mishumaa ya kanisa. Akute kompyuta safi, umwonyeshe. Nami nitaongea naye hapo hapo kwa simu. Wazee watakwenda."

"Na akikuta si safi?"

"Isafishe tu, Kaneza."

Jibu gani hilo? Kaneza alikata simu, akaigeukia kompyuta.

Mama Selestina, mwenye duka, aliingia na chupa ya chai. Alikuwa ameshasikia. Lusahunga nzima ilikuwa imeshasikia.

"Wanawake moja," alisema, akikaa. "Wanawake moja ndiyo wangapi, mwanangu?"

"Mama, usicheke. Posa yangu imeondoka na kofia ya Mzee."

Mama Selestina aliacha kucheka. "Basi hayo madude yametoka wapi?"

"Ndiyo natafuta."

Alifungua programu zote zilizomo kwenye kompyuta, akazipanga kwa siku zilivyoingia. Ndipo akaona. Ile programu ya kugeuza video kuwa nyimbo, wanayoitumia kujaza memori kadi za madereva, haikuingia peke yake. Wakati ule ule ziliingia na nyingine ambazo hakuna aliyeziita. Ya hali ya hewa. Ya punguzo la bei. Moja haikuwa hata na jina linalosomeka. Zilikuwa kama wale watu wanaoingia harusini nyuma ya mgeni mmoja mwenye kadi.

Akazifuta zote, na ile ya nyimbo pia. Akazima, akawasha.

"Karibu, mpenzi."

"Nyamaza!" Kaneza alisema kwa nguvu. Mteja aliyekuwa akisubiri kudurufu kitambulisho alirudi nyuma hatua moja.

Aliingia kwenye brauza. Humo namo mlikuwa na vitu vimejibandika asivyovijua, na ukurasa wa kwanza haukuwa ule wa zamani. Akang'oa kimoja kimoja, akarudisha ukurasa wake. Mambo yakatulia. Akadurufu vitambulisho, akachapa barua ya mjumbe wa kitongoji, akaanza kupumua kama mtu.

"Karibu, mpenzi."

Safari hii hakupiga kelele. Aliweka paji la uso juu ya meza.

Akatafuta programu ya kusafisha. Ukurasa ukafunguka umejaa vitufe vikubwa vya kijani: PAKUA. PAKUA. PAKUA HAPA BURE. Vyote vilikuwa matangazo. Kitufe chenyewe kilikuwa chini kabisa, kidogo, cha kijivu, kama kinaona haya. Yaani hata dawa walikuwa wameizungushia ugonjwa ule ule! Aliufunga ukurasa huo, akaandika mwenyewe anwani ya wenye programu, herufi kwa herufi, akapakua kwao moja kwa moja.

Ikafika karibu na mwisho, bando likaisha.

"Mama! Washa hotspoti yako!"

"Nina kabando kadogo ka kumpigia dada yangu."

"Mama, naomba."

Mama Selestina akawasha, akiguna. Programu ikamaliza kushuka, ikaanza kupekua. Ilikuta takataka hadi Kaneza akaona aibu, kama mtu aliyefunuliwa uvungu wa kitanda mbele ya wageni. Na katikati ya takataka hizo alikuwemo mchawi mwenyewe: amri ndogo iliyojificha, ambayo kazi yake ilikuwa kuwaita wenzake warudi kila wanapofukuzwa.

Akaifuta. Akazima. Akawasha. Akasubiri akiwa amekunja mikono.

Hakuna sauti. Hakuna mwanamke. Feni tu ya kompyuta ikizunguka.

"Wameondoka?" Mama Selestina alinong'ona.

"Wameondoka, mama."

Walikumbatiana pale pale, na mteja aliyekuwa mlangoni akapiga makofi bila kujua anapigia nini.

Ijumaa Kaneza alivaa gauni lake la bluu, lile la Pasaka. Kompyuta iliwaka bila neno. Akachapisha novena ya Mzee kwenye karatasi nzuri, akaziweka pembeni. Halafu akapeleka mitihani shule ya msingi, akarudi amebeba karatasi tupu mikono yote miwili, simu juu yake, spika wazi, akiongea na Desderius njia nzima.

"Ni safi, Desi. Nakuapia. Usikate, baba akifika tu unaongea naye."

"Umefanya kazi, Kaneza."

"Wewe subiri tu."

Akaingia dukani. Kwenye kaunta alikuwapo dereva mmoja, kandambili miguuni, akitikisa memori kadi yake kwa furaha. Kwenye kiti cha Kaneza alikuwa amekaa Mama Selestina, uso unang'aa.

"Mwanangu! Ndugu huyu alitaka nyimbo za kwaya, nikakuta ile programu uliifuta kwa bahati mbaya. Nimekurudishia! Nami siku hizi najua. Next, Next, Next, mwisho."

Karatasi zilimponyoka Kaneza mikononi. Simu aliiwahi, akaiweka juu ya printa. Hakuikata, msomaji. Likumbuke hilo.

"Mama. Umeitoa wapi?"

"Kwenye flashi ya fundi Niyonzima, si hii hapa?"

"Karibu, mpenzi," ikasema kompyuta.

"Hodi," ikasema sauti nyingine mlangoni.

Mzee Anastazi. Mishumaa kwapani.

"Shikamoo, Mzee," Kaneza alisema.

"Marahaba." Mzee alitazama kioo. Mwanamke alikuwa amerudi, leo na nywele nyekundu. "Naona biashara inaendelea."

Kuna hasira inayomjia mtu mpole mara chache sana, na ikimjia haina kelele. Kaneza aliinama, akaokota karatasi zote, akazipanga. Alipoinuka, macho yalikuwa makavu.

"Mama, naomba uniitie Niyonzima. Mzee, naomba ukae. Leo hutaondoka bila kuona."

Mzee alikaa. Pengine kwa mshangao tu.

Niyonzima, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, alikuja na bisibisi sikioni na chapati mkononi.

"Shikamoo, Mzee. Kaneza, nani kafa?"

"Angalia hapa. Wote mwangalie." Kaneza alichomeka flashi. "Naiingiza upya programu hii, lakini polepole."

Ukurasa wa kwanza ukaja. Kaneza akabonyeza Next. Ukaja wa pili, na hapo akaondoa mkono.

"Hapa sote tunapita mbio. Njia ni mbili. Hii yenye maandishi makubwa ni ya haraka, imeshachaguliwa kwa niaba yako. Hii nyingine, iliyofifia hata haionekani, inasema chagua mwenyewe. Sasa naibonyeza."

Vikatokea visanduku, kimoja chini ya kingine. Kila kimoja kilikuwa na tiki.

"Sijaziweka mimi. Zinakuja zimewekwa. Hii inasema nakubali hali ya hewa. Hii nakubali punguzo la bei. Hii nakubali kuletewa matangazo ya washirika wao. Ukibonyeza Next umekubali zote."

Mama Selestina alishika mdomo. "Yesu wangu. Mimi nimewakubali wale wanawake?"

"Umewakubali, mama."

"Wote?"

"Wote."

Dereva wa kandambili alicheka hadi akashika ukuta. Kaneza akatoa tiki ya kwanza, ya pili, ya mwisho, kisha akaendelea. Programu ya nyimbo ikaingia peke yake, haina wafuasi.

"Kumbe!" Niyonzima alisema. "Mimi hubonyeza tu. Nani ana muda wa kusoma Kiingereza chote hicho? Na bando lilivyo ghali! Hii niliidaunlodi mara moja pale Ngara mjini, nikaigawa. Steshenari zote kutoka Ngara mpaka Biharamulo wanatumia flashi yangu."

Alisema kwa fahari. Halafu akasikia alichosema, akatafuna taratibu.

"Ndiyo maana kila nikisafisha inarudi," Kaneza alisema. "Hapa katikati yetu mmoja anapakua, wote tunakula. Tumekula hiki."

Mzee alikohoa. "Na jina la Lusahunga? Hilo nalo liko kwenye visanduku?"

Jibu lililomkimbia Alhamisi sasa lilikuwa tayari.

"Hapana, Mzee. Tangazo linasoma intaneti inatumika wapi, linaweka jina la hapo. Mahali pengine wangeitwa wanawake wa huko."

"Ni kweli," Niyonzima alidakia, mdomo umejaa. "Kama wale wa kwako, Mzee. Si walikuwa wanawake moja wa Nemba?"

Dereva aliacha kutikisa memori kadi yake.

"Wa kwake wapi?" Mama Selestina aliuliza taratibu.

"Kwenye laptop yake, ile aliyonunuliwa na Desderius. Aliniletea juma lililopita, ameifungia kwenye shuka. Nikamwambia, Mzee usiogope, hayo ni matangazo yameingia na programu, hayana mtu. Nikamwondolea." Niyonzima alitazama nyuso zao. "Nimeharibu nini?"

Mzee Anastazi alikuwa akipanga mishumaa yake ambayo ilikuwa imepangika.

Kaneza aliiacha kompyuta, akamgeukia. "Mzee. Jana, ulipokuwa unasoma hapa... ulikuwa umeshayaona kwako."

"Niliyaona."

"Ulijua si mimi."

Mzee alirudi kwenye mishumaa yake.

"Katekista," Mama Selestina alisema, "mtoto amekuuliza."

"Selestina, haya si mazungumzo ya dukani."

"Uliyaanzia dukani."

"Mama, mwache," Kaneza alisema. Akasogea mbele ya Mzee, akapiga goti kidogo kama mabinti wanavyomsalimia mkubwa, akabaki hapo hapo chini. "Mzee, kama nina kosa, niambie nijue. Umenipa aibu njia panda nzima. Jana mama yangu kule Kaniha aliulizwa kisimani kama ni kweli."

"Huna kosa." Sauti ya Mzee ilikuwa ndogo. "Una heshima. Kazi unaijua. Novena zangu sijawahi kukuta umekosea hata nukta."

"Basi ni nini?"

"Acha iwe kompyuta, binti yangu." Alikuwa karibu kumbembeleza. "Kompyuta ni sababu nzuri. Haimuumizi mtu."

"Imeniumiza mimi."

Mzee alivuta pumzi. Ilionekana wazi kwamba neno lilikuwa limefika mdomoni. Na Kaneza, akiwa pale chini, macho yake yalienda kwenye printa. Simu ilikuwa bado inahesabu dakika.

Angeweza kunyamaza. Wasomaji wengine mngenyamaza, najua. Aachwe Mzee aseme, na mwanaye asikie, na mambo yaishe! Lakini alitazama ile kofia ya mzee, ukingo wake umeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, akashindwa.

"Mzee, kabla hujasema. Desderius yuko kwenye simu. Anasikia tangu ulipoingia."

Mkono wa Mzee ulinyanyuka kuelekea kwenye printa, ukashuka tena.

"Desi?"

"Niko hapa, baba." Sauti ilitoka kavu, na nyuma yake honi za mpakani. "Sema."

Mzee Anastazi akasimama. Akaivua kofia.

"Nitasema mara moja tu. Kaneza, babu yako alivuka mpaka akikimbia vita, akaja na mkeka kichwani. Nilimwona kwa macho yangu. Mbegu zake za kwanza za maharage nilimpa mimi, na sijutii. Mmepewa uraia. Mnalima, mnasali nasi, mnazika nasi. Lakini dada yangu ana mjukuu, baba yake ni mtu wa kwenu, kazaliwa hapa hapa. Mtoto akigombana na wenzake shuleni, neno wanalomtupia ni mkimbizi. Kila mara ni hilo. Analia, dada yangu analia, hakuna anayejua la kumwambia." Aliikunja kofia mkononi. "Sitaki wajukuu wangu waitwe wakimbizi. Ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeificha nyuma ya wale wanawake."

Hakuna aliyecheka. Niyonzima aliiweka chapati yake juu ya kaunta. Babu yake naye alikuja na mkeka.

Kaneza aliinuka. Masikio yalikuwa yanawaka, na machozi aliyoyazuia tangu Alhamisi yakaanza kushuka, lakini hakuyafuta. Hakumtazama Mzee kwa chuki. Alimtazama kama mtu anayetazama mlango ambao siku zote alidhani ni ukuta.

Halafu akaisogelea printa. Msichana huyu, ambaye hata bei ya kudurufu huitaja akiangalia chini, aliongea mbele ya mzee, mbele ya bosi wake, mbele ya fundi simu na dereva asiyemjua.

"Desi," aliiambia simu, macho yake kwa Mzee Anastazi. "Nataka kuolewa na wewe. Nimesema, na baba yako amenisikia. Sasa sema wewe."